Vazi la Maskini na Madhabahu: Haki na Ibada katika Sheria ya Rehani

Tangu Thomas Aquinas katika karne ya 13, wasomaji wengi wa Biblia wamezoea kuigawa Torati katika mafungu matatu: maagizo ya maadili, ya ibada na ya hukumu. Mgawanyo huo umesaidia kupanga mafundisho ya kanisa, lakini hupotosha unapogeuzwa kuwa njia ya kusomea matini yenyewe. Makala haya yanadai kwamba katika Torati shauri la mdaiwa ni jambo la ibada, na sheria ya rehani inalidhihirisha hilo.

Kutoka 22:26–27 inaagiza kwamba aliyechukua vazi la jirani yake kuwa rehani amrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu ndilo analojifunika usiku. Rehani inayorudi kwa mwenyewe kila jioni haimlindi mkopeshaji hata kidogo. Tena agizo halitaji faini wala adhabu. Linatangaza tu kwamba maskini akilia, Mungu atamsikia. Hivyo mdaiwa ana pa kukatia rufaa hata pale wazee waketio langoni wanapompuuza. Kumbukumbu la Torati 24:10–13 inaongeza kwamba mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdaiwa, bali angoje nje. Naye akilirudisha vazi, tendo hilo huhesabiwa haki mbele za Mungu.

Mpangilio wa sheria unasema vivyo hivyo. Kitabu cha Agano kinaanza na madhabahu (Kutoka 20:24–26) na kuelekea mwisho kinaamuru sikukuu tatu za mwaka (23:14–17). Katikati yamo madeni, ng'ombe wenye kupiga pembe, mashahidi na wageni. Mambo ya Walawi 6:1–7 inakwenda mbali zaidi: aliyemdhulumu mwenzake amana au rehani sharti airudishe, aongeze sehemu ya tano, ndipo alete sadaka ya hatia. Sadaka haisimami mahali pa malipo.

Ndiyo maana Amosi, katika karne ya 8 KK, anawashutumu watu waliojinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani (2:8). Katika shutuma hiyo hasemi kwamba taratibu zao za ibada zilikosewa. Nguo waliyoilalia inatosha kuwahukumu.

Wako watakaosema kwamba sheria hizi zilikuwa maandishi tu. Kigae chenye maandishi ya Kiebrania kilichopatikana mwaka 1960 huko Mesad Hashavyahu, cha mwishoni mwa karne ya 7 KK, kinatutahadharisha. Mvunaji anamlalamikia mkuu wa mahali kwamba Hoshayahu mwana wa Shobai amemchukulia vazi, ingawa alikwisha kumaliza kazi yake, na wenzake wako tayari kumshuhudia. Hataji sheria yoyote, kwa hiyo kigae hakithibitishi kwamba Torati ilitekelezwa. Kinathibitisha kwamba vazi la mnyonge lilinyang'anywa kweli, na kwamba kibarua aliamini malalamiko yake yanastahili kusikilizwa.

Mgawanyo wa mafungu matatu na ubaki katika historia ya mafundisho. Usitumike kulifanya deni la maskini kuwa la sokoni na sadaka ya tajiri kuwa ya kanisani. Mwalimu wa Torati anayefundisha madhabahu bila rehani amefundisha nusu ya sheria, na nusu hiyo Amosi ameshaihukumu.