Vyama vya wafanyakazi katika enzi ya intaneti

Mwishoni mwa Septemba 1997, meli ya makontena iitwayo Neptune Jade, iliyokuwa imepakia mizigo katika bandari ya Thamesport kusini mashariki mwa Uingereza, ilifika Oakland, California, na kukuta watu wamejipanga langoni mwa gati.

Wapakuzi wa mizigo wa Oakland walikataa kuwapita watu hao. Baada ya siku kadhaa meli iliondoka na shehena yake hadi Vancouver, Canada, ambako pia haikupakuliwa. Ikavuka bahari ya Pasifiki kwenda Japan, na huko nako wafanyakazi wa bandari za Yokohama na Kobe wakakataa kuigusa.

Kisa chote kilianzia Liverpool. Mnamo Septemba 1995 wafanyakazi wa bandari wapatao 500 waliachishwa kazi katika mji huo baada ya kukataa kuvuka kizuizi cha wenzao waliokuwa wamefukuzwa. Bandari ya Thamesport ilikuwa na uhusiano na kampuni iliyowaachisha kazi, na kwa wapakuzi wa Oakland hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Sheria za Uingereza haziruhusu chama kugoma kwa ajili ya mgogoro wa mwajiri mwingine, na chama kikubwa cha wafanyakazi wa usafirishaji cha wakati huo, TGWU, hakikuuidhinisha rasmi mgomo wa Liverpool. Wafanyakazi hao ikawabidi watafute marafiki wenyewe. Taarifa zao ziliwekwa katika tovuti ya LabourNet, na kwa barua pepe zikafika katika bandari za mabara kadhaa kwa gharama ndogo sana kuliko ile ya simu au faksi.

Januari 1997 na tena Septemba mwaka huohuo, bandari za nchi mbalimbali zilifanya siku za mshikamano nao, nyingine kwa kusimamisha kazi kwa saa chache, nyingine kwa siku nzima.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba kompyuta ndizo zilizoizuia meli. Sivyo. Barua pepe ilipeleka ombi, lakini aliyeiacha meli ikielea na mzigo wake ni mpakuzi aliyekuwa tayari ni mwanachama wa chama, katika gati ambalo bila yeye kontena haliteremki. Isitoshe, mgogoro wa Liverpool ulimalizika Januari 1998 kwa malipo ya fidia. Kazi zao hawakurudishiwa.

Kutoka Seoul hadi London

Mfano mwingine wa miaka hiyo ulikuwa na mwisho tofauti. Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 1996, wabunge wa chama tawala cha Korea Kusini walikutana bila ya wapinzani na, kwa muda wa dakika chache, wakapitisha sheria mpya ya kazi iliyorahisisha kuwapunguza wafanyakazi.

Shirikisho la KCTU, ambalo wakati huo lilikuwa halijatambuliwa kisheria, liliitisha mgomo uliohusisha mamia ya maelfu ya watu. Taarifa zake kwa Kiingereza zilisambazwa kwenye intaneti karibu kila siku, hivyo vyama vya nchi nyingine havikulazimika kungoja mashirika ya habari. Mnamo Machi 1997 sheria hiyo iliandikwa upya.

Mwaka 1998 Eric Lee, mwandishi aliyekuwa ametoa kitabu kuhusu vyama vya wafanyakazi na intaneti miaka miwili kabla, alianzisha tovuti ya LabourStart. Utaratibu wake ni mwepesi. Chama kilicho matatani huomba msaada, maelfu ya watu huandikiwa barua pepe, na kila anayekubali hutuma ujumbe wa malalamiko kwa mkurugenzi au waziri anayehusika.

Kampeni za namna hii zimewahi kuwasaidia viongozi wa vyama waliofungwa, hasa pale kampuni au serikali inapojali jina lake ng'ambo. Kwa mwajiri asiyejali jina lake, barua 10,000 ni kazi ya kufuta tu.

Ubunifu haukukosekana. Mnamo tarehe 27 Septemba 2007, wafanyakazi wa IBM nchini Italia, baada ya kupoteza marupurupu ya takribani euro 1,000 kwa mwaka, walifanya maandamano katika ulimwengu wa kubuni wa Second Life, ambako kampuni hiyo ilikuwa na ofisi zake za kompyuta. Washiriki zaidi ya 1,800 kutoka nchi 30 walijitokeza kwa sura za vikaragosi. Lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini wiki chache baadaye mkuu wa IBM Italia alijiuzulu na mapatano mapya yakafikiwa.

Kazi isiyo na lango

Mambo yalibadilika zaidi pale kazi yenyewe ilipohamia mtandaoni. Dereva wa teksi anayepewa abiria na programu ya simu hana lango la kiwanda ambako atakutana na wenzake saa ya kutoka kazini. Hana hata msimamizi wa kubishana naye. Kwake yeye kundi la WhatsApp ndilo ukumbi wa mkutano.

Huko Uingereza, madereva waliojipanga kwa njia hiyo walifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 19 Februari 2021 iliamua katika kesi ya Yaseen Aslam na James Farrar dhidi ya Uber kwamba madereva hao ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Wakaendelea kudai waone taarifa ambazo programu hukusanya juu yao, na mnamo Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliwapa ushindi katika sehemu kubwa ya madai hayo.

Nairobi nayo imo katika historia hii. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, aliajiriwa huko mwaka 2019 na kampuni ya Sama kuchuja picha na maandishi ya kutisha kabla hayajaenea kwenye Facebook. Anasema aliachishwa kazi kwa sababu alijaribu kuwaunganisha wenzake, dai ambalo kampuni imelikanusha. Mei 2022 alifungua kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushitakiwa nchini humo.

Kati ya tarehe hizo, siku ya Mei Mosi mwaka 2023, zaidi ya watu 150 waliofanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Inafaa kutambua kwamba watu hao, ambao kazi yao yote ilikuwa ndani ya kompyuta, uamuzi huo waliufanya ukumbini, ana kwa ana.

Sheria za Afrika Mashariki zinadai hivyo hivyo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka chama kiwe kimeanzishwa katika mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20. Kenya, sheria ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kundi la simu lenye watu 2,000 lisilo na katiba wala daftari la wanachama halina haki ya kuketi mezani na mwajiri.

Madaktari wa Kenya walikuwa na vyote viwili. Katika mgomo wao wa siku 100, kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi Machi 2017, kaulimbiu yao ya LipaKamaTender ilitapakaa mitandaoni, lakini nyuma yake kilikuwapo chama kilichosajiliwa na mapatano ya mwaka 2013 ambayo kilikuwa kikidai yatekelezwe.

Waya unaosikiliza

Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, walikutana katika uwanja wa mpira ambao watu waliuita Kiwanja cha Maskini. Serikali ya kikoloni ilijua mahali walipo. Ila ili kujua nani kasema nini, ilibidi itume mtu akasikilize. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo na kuhamishiwa mbali na pwani.

Siku hizi si lazima kumtuma mtu. Orodha ya wanachama iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya mwajiri, au barua pepe iliyoandikwa kwa anwani ya kazini, ni ushahidi tayari. Kanuni ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inauhesabu uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na dini na afya ya mtu.

Katika sehemu kubwa ya Ghuba ulinzi huo haupo. Oman iliruhusu vyama vya wafanyakazi mwaka 2006, lakini watumishi wa majumbani, wakiwemo wanawake wengi wa Afrika Mashariki, wameachwa nje ya sheria ya kazi. Qatar hairuhusu wahamiaji kuunda vyama kabisa. Kwa watu hao simu ndiyo njia pekee ya kusikika, na kwa sababu hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwajiri mbaya huwanyang'anya.

Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi nchini Qatar, alikuwa akiandika kwa jina la kubuni la Noah juu ya vyumba vilivyojaa watu na saa ndefu za kazi. Mwishoni mwa Aprili 2021 alizungumza kwa njia ya video na mashirika ya kiraia na vyama vya wafanyakazi vya nje. Wiki moja baadaye, tarehe 4 Mei, alikamatwa, na akawekwa peke yake kizuizini kwa takribani mwezi mmoja.

Mashirika ya haki za binadamu yalimpigia kelele kote duniani, na huenda kelele hizo zilifupisha kifungo chake. Hakukuwa na chama ndani ya Qatar cha kumsimamia, wala wenzake kazini hawakuwa na njia halali ya kusimamisha kazi kwa ajili yake. Julai alitozwa faini ya riali 25,000 kwa kosa la kueneza habari za uongo, na Agosti akaondoka nchini humo. Kima cha chini cha mshahara kilichokuwa kimeanza kutumika Qatar Machi mwaka huohuo kilikuwa riali 1,000 kwa mwezi.