Bandari Nzuri Wakati wa Baridi

Leo twataka kuwachukua hata kisiwa cha Krete, katika nchi ya Ugiriki, tukaione ile Bandari Nzuri inayotajwa katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27.

Sisi tulifika huko mwezi wa Januari, maana nauli ya wakati huo ni nafuu. Wageni huenda Krete wakati wa joto, kuota jua na kuoga baharini. Januari hakuna mtu. Tulikuta mikahawa ya kijiji imefungwa kwa minyororo, viti vimepangwa juu ya meza. Kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari yako matangi makubwa ya mafuta ya meli, jambo ambalo hatukulitazamia! Kupata mkate tu ilikuwa taabu. Mvuvi mmoja mzee alituhurumia, akatupa zeituni na kahawa chungu.

Hapo ndipo tulipoona haya. Kwa miaka mingi tumehubiri habari hii tukiwalaumu nahodha na mwenye merikebu, ati walikuwa wapumbavu. Lakini jaribu wewe kukaa Bandari Nzuri wakati wa baridi! Ghuba iko wazi upande wa mashariki, na upepo huingia upendavyo. Merikebu ile ilikuwa na watu 276. Wangelala wapi miezi mingi hivyo? Ngano ilikuwamo, lakini ilikuwa ikingojewa Rumi.

Wenzetu wa Lamu, ambao hupandisha vyombo pwani kusi ikiwa kali, wataelewa upesi. Vegetius, Mrumi aliyeandika juu ya mambo ya vita, asema bahari ilifungwa tangu 11 Novemba hata 10 Machi, na kwamba hata kabla ya hapo, tangu katikati ya Septemba, kusafiri kulikuwa kwa mashaka. Luka atuambia siku ya kufunga ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita. Basi ilikuwa yapata Oktoba. Walakini Rumi ulilishwa kwa ngano ya Misri. Kaisari Klaudio, aliyetawala mwaka 41 hata 54, aliwaahidi wafanya biashara kwamba chombo kikiharibiwa na tufani, hasara itakuwa juu yake. Alikuwa amekwisha kufa Paulo aliposafiri, mwaka 59 au 60, lakini twaona jinsi watu walivyozoea kuijaribu bahari kwa ajili ya faida.

Na Paulo je? Alikuwa amekwisha kuvunjikiwa jahazi mara tatu. Tena tukisoma vizuri, pale Bandari Nzuri hakutaja malaika wala ndoto. Alisema aliyoyaona yeye kama msafiri. Hata alihofu kwamba watu watapoteza maisha, na haikuwa hivyo, wote walifika nchi kavu huko Melita. Basi akida Yulio alikuwa na neno la mfungwa upande huu, na neno la wenye kazi yao upande huu. Sisi tungalimfuata nani?

Foinike waliyoitaka haikuwa mbali. Wataalamu wengi huiweka karibu na Loutro, kama kilomita 65 hivi kuelekea magharibi. Kusi ikavuma polepole, wakang'oa nanga. Ndipo Eurakilo ikashuka kutoka milimani.

Asubuhi tuliyoondoka, kusi ilikuwa ikivuma vivyo hivyo, na bahari imetulia kama mafuta katika sahani. Kijana mmoja wa msafara wetu akamwomba yule mzee atupeleke Loutro kwa mashua yake, akamwonyesha na fedha. Mzee hakuzitazama fedha, wala hakuitazama bahari. Aligeuka kaskazini, uliko mlima Ida wenye mita 2,456, nao ulikuwa mweupe kwa theluji na wingu limeukalia. Akatikisa kichwa, akarudi kushona wavu wake.