Maharage ya kiangazi

Koko, mzee wetu, hakuwa mtu wa kalenda. Mwezi wa sita, mvua ikikatika huko Walungu, Kivu Kusini nchini Kongo, alishuka bondeni na jembe, akafinya udongo mweusi kiganjani. Ukishikamana bila kuchuruzika maji, siku hiyohiyo alipanda maharage, juu ya matuta aliyoyainua ili mizizi isioze. Unyevu uliobaki chini uliyalea, huku milimani majani yakikauka.

Msimu huu wa kiangazi wataalamu wanauita msimu wa C. A huanza mwezi wa tisa, B mwezi wa pili. Lakini zamani, wakati huo wa kiangazi, mabonde ya Bushi, nchi ya Washi, yalikuwa malisho ya ng'ombe wa mwami, yaani mfalme, na wakubwa wake. Shamba la kudumu, kalinzi, lililipiwa ng'ombe. Asiye na ng'ombe aliomba bwasa: kipande cha msimu tu, kwa kazi ya mikono au sehemu ya mavuno. Sheria ya 1973 ikaifanya ardhi yote mali ya serikali, lakini bwasa haikufa. Koko aliilipa kila mwaka, na bado kuna mwaka mwenye bonde alimfukuza maharage yakiwa kwenye maua.

Mwezi wa nane, sokoni Kadutu, Bukavu, nikinunua maharage mabichi naangalia kwanza kama ganda limeshika tope jeusi.