Kamba za Ngalawa

Ngalawa za Kunduchi na Msasani hubeba historia iliyotoka pwani nyingi. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, aghalabu la mwembe, mti uliotoka Bara Hindi. Matengo yake James Hornell aliyanasibisha mwaka 1934 na mabaharia wa Indonesia. Tanga lake la pembe tatu ni la jamii moja na matanga ya majahazi.

Wataalamu wametazama mbao mno, kamba wakazisahau. Jarari hupandisha foromali, na jina lake lina asili ya Kiarabu, kuvuta. Demani huongoza pembe ya nyuma ya tanga. Mvuvi abishaye dhidi ya kusi hatoshelezwi na kuvuta demani tu: chombo kikigeuka, sharti foromali ihamishiwe upande wa pili wa mlingoti na goshi lifungwe upya. Akichelewa, upepo hulibandika tanga kwenye mlingoti, na chombo husimama.

Mtepe wa Lamu, wenye tanga la mkeka la pembe nne, ulitoweka katika karne ya 20. Aulizaye habari za kamba zake hurudi kwenye michoro na mifano midogo. Nayo makamusi yaeleza kwamba demani ni kamba, tena ni majira (jambo zuri kulijua), bali kiasi cha kuilegeza upepo uzidipo hayakuandika. Wajuao wangali Kunduchi.