Cheti cha SPF Hakitoshi: Losheni ya Jua Ipimwe Ikiwa Dukani

Juni 2025, CHOICE, shirika la kutetea walaji nchini Australia, lilitangaza matokeo ya kupima losheni 20 za kukinga jua. Losheni 16 hazikufikia SPF, yaani kiwango cha kinga dhidi ya jua, iliyoandikwa kwenye chupa. Lean Screen ya kampuni ya Ultra Violette, iliyouzwa kwa madai ya 50+, iliambulia 4. Kwa hesabu ya maabara, SPF 50 hupitisha asilimia 2 tu ya miale inayounguza ngozi; SPF 4 hupitisha asilimia 25.

Australia si nchi ya kuzembea katika suala hili. Saratani ya ngozi imeenea huko kuliko karibu kwingine kokote duniani, na losheni nyingi za jua husimamiwa na mamlaka ya dawa, TGA, badala ya kuachwa kwenye kapu la vipodozi. Lakini TGA haikuwa ikipima SPF yenyewe. Ilitegemea cheti ambacho mtengenezaji alikipata kwenye maabara aliyoichagua na kuilipa.

Tatizo la pili limo ndani ya kipimo chenyewe. Kwa utaratibu wa ISO 24444, watu wasiopungua 10 hupakwa losheni mgongoni, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, kisha humulikwa taa ya urujuanimno. Kesho yake mtaalamu hukagua ni wapi ngozi imeanza kuwa nyekundu. Uamuzi uko machoni pake. Ultra Violette ilipokusanya majibu manane ya losheni hiyohiyo kutoka maabara mbalimbali, yalianzia 4 na kufika 64. Agosti, kampuni ikaiondoa sokoni.

Kuongeza faini peke yake, basi, hakutasaidia: mtengenezaji atajitetea kwa cheti halali. Kinachohitajika ni mdhibiti kununua chupa dukani kama mteja yeyote, kuficha jina la bidhaa, na kuipeleka kwenye maabara isiyolipwa na kampuni.

Gharama ndiyo hoja ya wanaopinga, na ina uzito, kwani kupima kwa watu ni ghali. Hata hivyo, tangu 2024 kuna ISO 23675, inayotumia vibamba vya plastiki na mashine ya kupima mwanga, bila kumuunguza mtu. Njia hiyo ingetumika kuchuja, na zenye shaka pekee ndizo zingepelekwa kwenye ngozi ya binadamu.

Tanzania, ambako usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, ina sababu yake ya kufuatilia mjadala huu. Huko Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao saratani ya ngozi ni tishio la maisha tangu ujanani. Kwa watu hao, losheni ni tiba. Ukaguzi wa dukani ungefaa uanze na chupa zinazonunuliwa kwa ajili yao, na gharama zake zitokane na ada ya waagizaji, huku matokeo yakitangazwa kwa jina la bidhaa.