Agosti 2011: Mwezi Git Ilipothibitisha Thamani Yake

Mapema Aprili 2005 Linus Torvalds aliiweka kando Linux, kazi aliyoianza mwaka 1991, akakaa kuandika Git, chombo cha kutunzia msimbo. Hakuwa na hiari. Tangu 2002 yeye na wenzake walitumia BitKeeper, programu ya kampuni ya Larry McVoy, kwa leseni ya bure iliyojaa masharti. Mwaustralia Andrew Tridgell alipoanza kuunda programu yake ya kuwasiliana na seva za BitKeeper, McVoy aliona masharti yamevunjwa, akaiondoa leseni hiyo. Mwezi huohuo, mkutanoni Canberra, Tridgell alionyesha jinsi alivyoanza: aliunganisha kompyuta na seva kwa telnet, akaandika neno "help", na seva yenyewe ikamworodheshea amri zake.

Vyombo vya kutunza matoleo vilikuwepo zamani. Marc Rochkind aliunda SCCS katika maabara za Bell mwaka 1972, na Walter Tichy akaleta RCS miaka kumi baadaye. CVS ilianzia Amsterdam mwaka 1986: mwalimu wa chuo kikuu, Dick Grune, alikuwa akiandika kikusanyi cha lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili, na ratiba zao hazikukutana hata kidogo. Kwa hiyo akatafuta njia ya watu watatu kushika faili moja bila kungojana.

Lakini CVS ilivyozoeleka kutumika, historia yote ilikaa kwenye seva moja. Fundi alichukua toleo la sasa tu. Yaliyotangulia yalibaki huko, na seva ikilala, kazi nayo ililala. Torvalds aliikataa kabisa CVS. Kabla ya BitKeeper alipendelea kupokea viraka vya msimbo kwa barua pepe na kuvipachika mwenyewe.

Git aliijenga kwa kasi ya ajabu. Kufikia Aprili 7 ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe, na Juni ikatumika kutoa Linux 2.6.12. Mwezi uliofuata alimkabidhi Junio Hamano usimamizi, na Hamano anastahili sifa kubwa kuliko anayopewa, maana ndiye aliyeilea Git mpaka ikakomaa.

Anayenakili hazina ya Git hupata historia yote, tangu komiti ya kwanza, yaani badiliko la kwanza lililohifadhiwa. Hukomiti kwenye kompyuta yake, hufungua matawi na kuyaunganisha, hata bando likiwa limeisha; mtandao ukirudi, hupushi kazi kwenye hazina ya mbali. Tena kila komiti ina namba ya tarakimu na herufi 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na namba ya komiti iliyotangulia. Ukibadilisha herufi moja ya zamani, namba zote zinazofuata zinabadilika.

Agosti 2011 ndipo hayo yalipopimwa. Iligundulika kwamba wavamizi wameingia kwenye seva za kernel.org, makao ya msimbo wa Linux. Katika mfumo wa zamani, swali la kama wamepenyeza mistari yao ndani ya msimbo lingewatesa watu kwa miezi. Safari hii maelfu ya watu walikuwa na nakala kamili, na badiliko lolote katika historia lingegongana na namba walizokuwa nazo.

Inanisikitisha kuona wanaoanza ufundi huu wakidhani Git na GitHub ni kitu kimoja. GitHub, tovuti ya kuhifadhia hazina za Git, ilifunguliwa mwaka 2008, na Microsoft ikainunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, lakini hazina iliyoko kule ni nakala mojawapo tu. Septemba 2011, kernel.org ikiwa bado imefungwa, Torvalds aliipeleka hazina yake GitHub kwa muda, akawaelekeza wenzake wavute msimbo kutoka huko. Linux 3.1 ilitoka Oktoba.