Mume wa Siku 90: Historia Fupi ya Ndoa na Mpaka Nchini Thailand

Wapo watu Thailand wanaoishi nyumba moja na wake zao, wanalea watoto wenye pasipoti za Kithai, wanamsaidia mama mkwe kuvuna mpunga, na bado kisheria ni wapita njia. Cheti cha ndoa wanacho, kimetolewa na ofisi ya wilaya, halali kabisa. Ila cheti hicho hakiwapi haki ya kulala nchini hata usiku mmoja. Haki hiyo inatoka kwenye muhuri wa Uhamiaji, na muhuri huo una tarehe ya mwisho.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenizoesha kusoma fomu za serikali kama wengine wanavyosoma riwaya: naangalia mhusika mkuu ni nani, nani kasahauliwa, na nani hakuaminiwa tangu ukurasa wa kwanza. Sheria za Thailand kuhusu wageni waliooa au kuolewa huko nimezisoma kwa jicho hilo, na nilichokikuta ni hadithi ya miaka zaidi ya 100 yenye swali moja: mwanamke wa nchi akioana na mgeni, nani anamfuata nani?

Tuanze mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi iliitwa Siam, na jina la Thailand lilikuja 1939. Wachina walikuwa wakishuka bandarini Bangkok kwa maelfu, wakifanya kazi, wakioa wanawake wa hapo, na watoto wao wakikua wakizungumza Kithai. Mwaka 1911 ikatungwa sheria ya kuwapa wageni uraia, na 1913 ikafuata sheria ya uraia wenyewe. Sheria hiyo ya 1913 ilitazama ndoa kama sindano na uzi. Mwanamke mgeni akiolewa na Msiam, anakuwa Msiam. Mwanamke wa Siam akiolewa na mgeni, na sheria ya kwao mume ikampa uraia, basi wa kwake unapotea. Mume mgeni hakutajwa kabisa. Nani angefikiria kwamba mwanamume atataka kumfuata mke?

Kumbukeni hilo, maana litarudi.

Sheria ya kwanza ya uhamiaji ilipitishwa 1927, wakati watawala walishaanza kuwaogopa Wachina kwa wingi wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaweka kikomo cha Wachina 10,000 kwa mwaka, na haikupita miaka mingi wakakishusha hadi 200 kwa kila taifa. Wapenzi wa fasihi wanaotaka kuuhisi ulimwengu ule kwa ndani wamtafute Botan na riwaya yake ya 1969, ya mhamiaji wa Kichina anayemwandikia mama yake barua kutoka Bangkok. Kwenye riwaya ile mgeni anazeeka huku watoto wake wakigeuka Wathai mbele ya macho yake.

Halafu wakaja Wamarekani. Wakati wa vita vya Vietnam, Marekani ilikuwa na kambi za ndege Udon Thani, Ubon, Nakhon Phanom na Korat, zote katika jimbo kavu la kaskazini-mashariki liitwalo Isan, na kilele chake wanajeshi wao walifika kama 50,000. Kithai kikapata msemo mpya, mia chao, yaani mke wa kukodi. Wanajeshi wa mwisho waliondoka 1976. Wanawake walibaki, na watoto pia.

Watoto hao wasingesahaulika kama si tangazo moja la serikali ya kijeshi la Desemba 1972, linalojulikana kwa namba yake, 337. Lilifuta uraia wa watu waliozaliwa Thailand na baba mgeni aliyekuwa nchini kwa ruhusa ya muda tu. Shabaha kuu ilikuwa wakimbizi wa Kivietnam wa Isan. Lakini sheria ikishatupwa kama wavu haichagui samaki. Mtoto angeweza kuzaliwa na mama Mthai, katika kijiji cha bibi yake, akajikuta mgeni kwao kwa sababu muhuri wa baba yake ulikuwa wa muda. Ilibidi kusubiri hadi 1992 ndipo sheria ikatamka wazi kwamba mtoto wa mama Mthai ni Mthai, baba awe nani awaye.

Ardhi nayo ilikuwa hivyohivyo. Mpaka mwaka 1999, mwanamke wa Kithai aliyeolewa na mgeni alikuwa hawezi kununua kiwanja nchini kwake. Baada ya hapo aliruhusiwa, kwa sharti kwamba wanandoa watamke kwa maandishi kuwa fedha ni za mke peke yake. Eti hata pale sheria ilipofungua mlango, ilitaka mume athibitishe kwamba hayumo.

Sheria ya uhamiaji inayotumika leo ni ya 1979, mwaka uleule ambao Kampoon Boontawee alipata tuzo ya S.E.A. Write kwa riwaya yake juu ya mtoto wa Isan na ukame wa kwao. Mengi yamerekebishwa kwa kanuni, lakini mifupa ni ileile. Mgeni aliyeoa huingia kwa viza ya daraja la O na kupewa siku 90. Zikikaribia kuisha anaweza kuomba kuongezewa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha anaomba tena, na tena, hata kama ndoa ina miaka 30. Mume mgeni lazima aonyeshe baht 400,000 zilizokaa benki miezi miwili, au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Baht 400,000 ni yapata dola 12,000 za Marekani. Kima cha chini cha mshahara Bangkok kilifika baht 400 kwa siku mnamo Julai 2025. Piga hesabu mwenyewe: ni vibarua 1,000 vya Mthai wa kawaida, na viwe vimelala tu benki, visiguswe.

Wathai wana desturi ya sin sod, mahari anayotoa mwanamume kwa wazazi wa mke. Sisi wa pwani na bara hatuhitaji kufafanuliwa. Mahari inatolewa mara moja, mbele ya wazee, watu wanakula wanatawanyika. Hii ya Uhamiaji inaonyeshwa kila mwaka mbele ya karani, pamoja na picha za mume na mke wakiwa sebuleni, ramani ya kufika nyumbani, na shahidi wa kusema kwamba kweli wanaishi pamoja. Wakati mwingine ofisa anakuja mwenyewe kuhakikisha.

Na mke mgeni wa mwanamume Mthai je? Yeye haulizwi hizo 400,000. Hata uraia, njia yake ni fupi: sheria ya 1965 inamruhusu aombe kwa waziri kwa sababu tu ameolewa na Mthai. Mume mgeni alisubiri hadi 2008 ndipo sheria ikamlegezea kidogo, akasamehewa sharti la kuwa amekaa miaka mitano na kujua Kithai. Sindano na uzi ya 1913 imo bado humo ndani. Mwanamke anaaminika kuwa amemfuata mume. Mwanamume aliyemfuata mke lazima aeleze amekuja kufanya nini.

Sasa, asiye na 400,000 anafanya nini? Anapanda basi.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile safari ambayo wageni wa Thailand wanaijua kwa usingizi. Unaamka alfajiri, unabanwa kwenye kibasi na wenzako, unafika Mae Sai unavuka daraja kuingia Tachileik upande wa Myanmar, au Aranyaprathet kwenda Poipet ya Kambodia, au Ranong unapanda mashua. Unagongewa muhuri wa kutoka, unageuka, unagongewa wa kuingia. Jioni uko nyumbani. Waliooa walikuwa na njia yao maalumu: Savannakhet, mji wa Laos ng'ambo ya mto Mekong. Kwa miaka mingi ubalozi mdogo wa Thailand pale ulisifika kwa kuwapa viza ya mwaka mzima bila kuuliza salio la benki, ila kila siku 90 ilibidi utoke nchini na kurudi. Daraja la Mukdahan lilipofunguliwa mwishoni mwa 2006, safari ikawa rahisi zaidi. Mume alikuwa akiaga nyumbani mara nne kwa mwaka ili aruhusiwe kurudi nyumbani.

Serikali iliziona safari hizi na ikawa inakaza uzi kila mara. Oktoba 2006 wanaoingia bila viza waliwekewa kikomo cha siku 90 ndani ya miezi sita. Mwishoni mwa 2008 anayeingia kwa barabara alipunguziwa kutoka siku 30 hadi 15. Mwaka 2014 maofisa walianza kuwarudisha watu mipakani. Machi 2016 ikaja adhabu ya kuzidisha siku: anayekamatwa akiwa amezidisha chini ya mwaka anafungiwa miaka mitano, aliyezidisha zaidi ya mwaka miaka 10. Mwisho wa 2016, siku za barabarani zikarudi 30, lakini mara mbili tu kwa mwaka. Kisha Julai 2024 mkono ukalegezwa ghafla: raia wa nchi 93 wakapewa siku 60 bila viza, ili watalii waje.

Tanzania na Kenya hazikuwamo katika hizo 93. Nalisema hili kwa sababu simulizi nyingi za mpakani zimeandikwa na wanaume wa Ulaya na Marekani, nao hulalamika kwa haki. Ila kugeuka darajani ukapewa siku nyingine ni anasa ya pasipoti. Mchuuzi wa vito kutoka Afrika aliyeoa Chanthaburi, mji ambako mawe ya kwetu hukatwa na kung'arishwa, haponi kwa kuvuka daraja asubuhi. Yeye ataanzia ubalozini, na akikosa viza hana basi la kupanda.

Mwaka 2020 kila mtu aligundua jinsi mpangilio huu ulivyosimama kwa mguu mmoja. Mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Waliokuwa ndani walisamehewa siku hadi Septemba 26. Waliokuwa nje, hata wenye wake na watoto ndani, walikwama. Julai ndipo wanandoa waliporuhusiwa kuingia, kwa cheti maalumu na karantini ya siku 14. Miezi kadhaa, baba alikuwa mtalii kama watalii wengine. Na mwaka 2025 Thailand na Kambodia zilipofikia kupigana, vituo vya mpaka vikafungwa, na njia ya Poipet waliyoitegemea wengi ikafa kwa sababu isiyohusiana na ndoa ya mtu yeyote.

Mwaka huohuo, Januari 23, sheria ya ndoa ya usawa ilianza kazi, na Thailand ikawaandikisha wanandoa wa jinsia moja. Kwenye kanuni za ndoa, maneno mume na mke yakapisha neno wanandoa. Mtu aliyeishi na mwenzake Mthai miaka mingi kwa viza za utalii sasa anaweza kupanga foleni ya viza ya ndoa. Ni ushindi mkubwa, na anayepanga foleni hiyo anakabidhiwa fomu zilezile.

Fomu moja ndiyo huwa naifikiria zaidi. Kifungu cha 38 cha sheria ya 1979 kinamtaka mwenye nyumba anayempokea mgeni kutoa taarifa Uhamiaji ndani ya saa 24. Kinazihusu hoteli na nyumba za kulala wageni, lakini kinamhusu pia kila mwenye nyumba. Kwa kuwa mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, nyumba nyingi za familia hizi zimeandikwa jina la mke. Kwa hiyo mume akiwasili, mke anakaa mezani na kujaza: jina la mgeni, namba ya pasipoti, tarehe aliyowasili. Mke akifa kabla yake, hata ile ruhusa ya mwaka inapoteza msingi wake, maana ilisimama juu ya ndoa, na mjane mwanamume anaanza kutafuta sababu nyingine ya kukaa mahali alipomzika mkewe.